Gurnah asomwe hadi Kingolwira

Riwaya iliyomtangaza Abdulrazak Gurnah duniani, Paradise, inaanzia stesheni. Yusuf, mtoto wa miaka 12, amesimama akiwakodolea macho Wazungu wawili, wa kwanza kuwaona maishani mwake. Baba yake ana hoteli inayosuasua. Tajiri Aziz, ambaye mtoto anamdhani ni ndugu wa damu, kila akija kuwatembelea humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja Aziz anaondoka naye kwa treni, na Yusuf hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Mji wa Yusuf ni wa kubuni, lakini sisi wa Kingolwira hatuhitaji kuelezwa stesheni ni nini. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa kwetu na kufika Morogoro mwaka 1907. Agosti 1916 Waingereza waliiteka Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, pamoja na askari na wapagazi wa Kiafrika ambao wengi wao hawatajwi katika kitabu chochote. Vita hivyo Gurnah aliviandikia riwaya nzima, Afterlives, mwaka 2020. Ndiyo maana nasema mwandishi huyu ni wetu pia, si wa Unguja na Uingereza peke yake.

Alizaliwa Zanzibar Desemba 1948. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka, kijana wa miaka 18, akaenda Uingereza. Alisoma Canterbury, akafanya kazi ya uhudumu hospitalini, akafundisha sekondari mjini Dover. Kati ya 1980 na 1983 alikuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, na mwaka 1982 alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Kent kwa utafiti kuhusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Kent walimwajiri mwaka 1985, akafundisha fasihi ya Kiingereza hapo hadi alipostaafu mwaka 2017. Katika miaka hiyo ya chaki na kusahihisha kazi za wanafunzi alitoa riwaya tisa.

Hapa nchini mwalimu wa Kiingereza hupimwa kwa matokeo ya mtihani: wangapi wamejua kugeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa. Gurnah aliifanya kazi hiyo kwa namna nyingine. Alisoma vitabu vya Waingereza, Wahindi na Waafrika mstari kwa mstari mbele ya wanafunzi, akiuliza nani anasema na nani amenyamazishwa. Kisha alikaa mezani kwake akawaandika walionyamazishwa.

Ushahidi bora, kwa maoni yangu, ni By the Sea ya mwaka 2001, ambayo naiweka juu hata ya Paradise. Mzee Saleh Omar, aliyekuwa muuza fanicha Zanzibar, anatua uwanja wa Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Kiingereza anakijua vizuri, lakini ameshauriwa asikiseme, basi ananyamaza. Ofisa wa uhamiaji anapekua mkoba wake na kukuta kijikasha cha udi. Anaunusa, anauliza maswali, mwishowe anauchukua. Mzee anaelewa kila neno na anaona mali yake ikienda. Baadaye anatafutwa mtu wa kumtafsiria, naye ni Latif, Mzanzibari anayefundisha fasihi chuo kikuu London, na familia zao ziligombana zamani kwa ajili ya nyumba. Watu hawa wenye kinyongo cha miaka wanagundua kwamba wote wawili wanaijua hadithi ya Herman Melville kuhusu karani Bartleby, yule aliyekataa kila alichoagizwa bila kupandisha sauti. Hadithi ya darasani inawapa pa kuanzia mazungumzo. Ni mtu aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi tu ndiye angeliona hilo.

Paradise yenyewe ilianza kwa kumtazama mzazi. Mwaka 1984 Gurnah alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Akiwa dirishani alimwona baba yake, mzee sana, akielekea msikitini, akajiuliza ilikuwaje kwa mtoto wa zama zile kuona wageni wakiitwaa nchi. Swali hilo alikaa nalo miaka kumi. Kitabu kilitoka mwaka 1994, kikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker.

Nobel ilikuja Oktoba 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota walichapa Peponi, tafsiri ya Paradise kwa Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Nawasihi walimu wenzangu wa Kiingereza wa Morogoro wavitumie vitabu hivyo viwili pamoja. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo limegeuka Kiingereza, huona lugha hiyo kama ukuta. Mpeni kwanza Yusuf wa Kiswahili, amjue, amwonee huruma, ndipo mfungue ukurasa uleule kwa Kiingereza. Atasoma kwa sababu anataka kujua kijana huyo anapelekwa wapi.

Na wakishamaliza, ipo Theft ya mwaka 2025, yenye kijana mtumishi wa nyumbani, Badar, anayesingiziwa wizi. Wanafunzi wetu wanawafahamu vijana wa namna hiyo. Wengine ni kaka na dada zao.