Mbegu Zimepikwa Ardhini

(Muziki wa kufungulia, kisha ushuke.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji mlioko kambini na mliokwisha kurudi Mocímboa da Praia, sikilizeni swali hili. Mama mmoja aliyerudi kutoka Mueda anauliza: alipanda mahindi ya msaada mvua ya kwanza, hayakuota hata robo. Anasema mbegu zilikuwa mbovu. Bwana shamba, unamjibuje?

BWANA SHAMBA: Shikamoo yake huyo mama. Huenda ni mbovu kweli. Lakini kwanza, saa saba mchana avue ndala asimame shambani. Akishindwa kutulia, basi na mbegu nazo hazikutulia.

MTANGAZAJI: Mchanga wetu wa pwani unachoma!

BWANA SHAMBA: Hapa si jangwa, ila mchanga mtupu mwezi wa kumi na moja hauna tofauti nalo. Hewa ikiwa digrii 33, uso wa mchanga mkavu usio na kivuli unaweza kupita 50. Mahindi huota vizuri kati ya 25 na 33. Joto likipita 40, mengi hushindwa. Ardhi yenye maji hujipoza kwa kuyatoa kama jasho. Kavu haina cha kutoa. Manyunyu ya siku moja huivimbisha mbegu, halafu jua la wiki nzima huipika. Na joto la Msumbiji limekuwa likipanda tangu miaka ya 1960, miti nayo tumekata kwa nguzo na mkaa.

MTANGAZAJI: Na karanga?

BWANA SHAMBA: Hizo ndizo zinanisikitisha. Ua la karanga hufunguka juu, kisha hushusha kijiti chembamba kama sindano kikazae chini. Kikikuta uso mkavu wa moto, hunyauka kabla ya kuingia. Majani yamestawi, unang'oa, hakuna kitu!

MTANGAZAJI: Afanye nini basi?

BWANA SHAMBA: Asubiri mvua iloweshe mchanga mpaka urefu wa kiganja. Mahindi ayafukie pingili mbili za kidole, kwani chini kuna baridi kuliko juu. Kisha atandaze nyasi kavu au makuti makuukuu ya paa, mabichi yana kazi ya kuezekea. Asiyagusishe na shina, na aangalie mchwa. Kunde katikati ya muhogo nazo hutambaa zikafunika ardhi. Na asichome shamba, majivu meusi huvuta jua zaidi.

MTANGAZAJI: Amebakiwa na kopo moja tu la mbegu.

BWANA SHAMBA: Asipande zote siku moja. Tena, achague kumi, azifunge kwenye kitambaa kibichi, aweke kivulini ndani ya nyumba, asikiache kikauke. Baada ya siku tano au sita afungue. Zikiota nane, mbegu ni nzima, tatizo lilikuwa mchanga. Zikiota tatu, azipeleke kwa waliompa, na kitambaa chake mkononi.

(Muziki wa kufungia.)