Dhima ya Anayeacha Kazi Wenziwe Wakiwa Wachache

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Homa Bay, ametuletea swali linalostahili kuzungumzwa katika kila nyumba. Yeye ni muuguzi wa zahanati karibu na ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi waliolipwa na miradi ya virusi vya UKIMWI walipoteza kazi, na Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini. Waliobaki wakaubeba mzigo wa walioondoka.

Sasa amepata kazi mjini Migori, yenye saa za kawaida. Barua ya kuacha kazi ameiandika, lakini wiki tatu imo mkobani. “Nikiondoka watabaki wawili tu,” atuambia. “Je, sitakuwa nimewadhulumu?”

Twamjibu kwamba huzuni yake ni dalili ya moyo mwema, wala haithibitishi dhambi. Aya ya kwanza ya Suratul Maida yaamrisha kutimiza mikataba, basi na tuutazame mkataba wenyewe. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamruhusu anayelipwa kwa mwezi kuondoka kwa notisi ya maandishi ya siku 28, ila mkataba wake ukitaja muda mrefu zaidi. Mwenye kutoa notisi hiyo ametimiza ahadi. Kutafuta wa kushika nafasi yake ni wajibu wa mwajiri.

Dhima ya dada yetu imo katika siku hizo 28. Daftari la wagonjwa aliache limekamilika, na waliokosa tarehe zao za dawa awaorodheshe ili wafuatiliwe. Funguo na hesabu ya stoo ya dawa azikabidhi kwa saini. Siri za wagonjwa azihifadhi maisha yake yote. Naye adai cheti chake cha utumishi, kwani kifungu cha 51 chamlazimu mwajiri kukitoa.

Tukumbuke pia kisa cha Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Abu Dardaa alizama katika ibada hata mkewe akaacha kujipamba. Salman akamkumbusha kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, ampe kila mmoja haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka, seuze zamu za zahanati? Watoto wanaolala kabla mama hajarudi nao ni wenye haki.

Nanyi mliobaki kazini, msimnunie anayeondoka. Upungufu wenu upelekeni kwa mwajiri, kwa maandishi na kwa pamoja.

Dada, itoe barua mkobani. Mwenyezi Mungu akutilie baraka uendako, na awape wenzio wasaidizi. Amin.