Dhamana ya Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto

Kila mwananchi akaaye mjini amepata kuliona gari jekundu la zimamoto likipita kwa kasi, king'ora kikilia, na watu wakikimbilia kando ya njia. Macho ya wengi huitazama mipira ya maji, ngazi, na vijana waliovaa makoti mazito. Ni wachache wanaomtazama mtu mmoja aliyeketi kando ya dereva, kimya, redio mkononi. Leo twataka kusema habari za mtu huyo. Amebebeshwa dhamana ambayo wengi wetu hatuifahamu, na kwa kutoifahamu tumekuwa tukimlaumu pasipo haki, na pengine tukimsamehe pasipostahili.

Huyo ndiye mkuu wa kikosi, yaani ofisa aliyekabidhiwa gari moja na askari wake wachache. Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji, lililosimama juu ya sheria ya mwaka 2007, lina ngazi zake kutoka konstebo hadi Kamishna Jenerali. Lakini moto hausubiri vyeo vikamilike. Gari la kwanza likifika, mkuu wake ndiye mtawala wa mahali pale mpaka mkubwa wake atokee. Katika dakika zake 5 za kwanza, ofisa huyu, awe mwanamume au mwanamke, mara nyingi huamua kama itaungua nyumba moja au mtaa mzima, na kama askari wake watarudi kituoni kwa hesabu ile ile waliyotoka nayo.

Tuanze na lawama tuliyoizoea. Katika miji yetu moto hauzimwi bila mtu kupiga kelele kwamba gari limekuja bila maji. Lawama hii yafaa kupimwa kwa hesabu. Tuseme gari limebeba lita 4,000, na mipira miwili imefunguliwa, kila mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika. Maji yote yatakwisha katika dakika 5. Mtu aliyefika dakika ya sita ataona askari wamesimama na mipira mikavu, naye ataapa kwamba hawakuja na kitu. Huyo hakusema uongo kwa makusudi; alichokiona ni nusu ya habari.

Hata hivyo hatukusudii kumfunika mkuu wa kikosi kwa blanketi la huruma. Iko siku lawama hiyo huwa ya kweli, na ikiwa ya kweli, kosa lilitendeka asubuhi, wakati wa kupokeana zamu. Kazi ya kwanza ya ofisa huyu hufanywa wakati hakuna moto. Ni yeye apaswaye kuona kwa macho yake kwamba tangi limejaa, pampu inavuta, mipira haikupasuka, mitungi ya hewa ina hewa, na betri ya redio haikufa. Akiridhika na kuambiwa tu kwamba kila kitu ni sawa, amekwisha kushindwa kabla ya kuitwa. Tuliosoma shule za misheni twawakumbuka wale wanawali walioshika taa mikononi bila mafuta ya akiba. Bwana harusi alikuja usiku wa manane. Na moto nao haubishi hodi.

Tena haimtoshi kulijua gari lake. Hana budi kuujua mji: barabara ipi ina daraja dhaifu, uchochoro upi umezibwa na vibanda, bomba lipi la barabarani latoa maji ya kuzimia moto na lipi limekauka au kufukiwa na lami, ghala lipi limehifadhi mitungi ya gesi, bweni lipi lina nondo madirishani na mlango mmoja tu. Mambo haya hayajifunzwi moto ukiwaka. Hujifunzwa kwa miguu, siku za kawaida, ofisa akiwachukua askari wake mtaa kwa mtaa, akiwauliza: hapa pakiwaka usiku, tutaingilia wapi, na maji tutayatoa wapi?

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Watu wengi hudhani kiongozi hodari ni yule anayeruka wa kwanza na kukimbilia ndani na mpira. Ofisa wa kikosi akifanya hivyo, kikosi kimempoteza kiongozi na kupata mshika mpira mmoja zaidi. Wajibu wake ni kusimama kidogo na kutazama. Aizunguke nyumba akiweza. Aulize nani yumo ndani na alionekana mara ya mwisho wapi. Atazame rangi ya moshi na upande wa upepo. Kisha aseme kwa redio, kwa maneno machache, alichokiona, alichoamua na msaada anaoutaka. Baada ya hapo hufuata taratibu inayojulikana: watu kwanza, kisha kuuzuia moto usivuke kwa jirani, kisha kuuzima, na mali mwisho. Wakati huo mwenye duka hulia kwamba bidhaa zake zateketea huku maji yakimwagwa kwenye ukuta wa jirani. Kilio chake ni cha haki, lakini ofisa akikisikiliza kuliko akili yake, maduka 10 yatafuata lile moja.

Yako mambo anayoyajua ambayo umati hauyajui. Anajua kwamba ule moshi mweusi unaojaa chini ya dari ni kuni zinazongoja kuwaka. Joto la moshi ule likifika kiasi cha nyuzi 500 au 600, chumba kizima huweza kulipuka moto kwa mara moja, na hakuna koti litakalomwokoa aliyemo. Anajua kwamba mhimili wa chuma, ufikapo nyuzi 550 hivi, hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na paa lililoonekana imara huanguka bila kuaga. Anajua kwamba mtungi wa hewa ulioandikwa dakika 30 huisha mapema zaidi mgongoni mwa mtu anayefanya kazi ya jasho. Kwa hiyo hawaingizi askari wake mmoja mmoja, bali wawili wawili au zaidi. Huandika saa waliyoingia. Na huwahesabu watokapo.

Na hapa ndipo ilipo amri iliyo nzito kuliko zote, nayo ni amri ya kurudi nyuma. Kumwambia kijana aingie si kazi kubwa, maana kijana mwenyewe anataka kuingia. Kazi ni kumwambia atoke wakati mama amesimama barabarani akilitaja jina la mtoto wake, na umati unapiga kelele kwamba askari ni waoga, na pengine mawe yameanza kurushwa. Mkuu wa kikosi anaruhusiwa kuhatarisha sana roho za askari wake kuokoa roho inayoweza kuokolewa. Haruhusiwi kuzihatarisha kwa ajili ya mabati na magunia, wala kwa ajili ya kunyamazisha kelele. Kuipima tofauti hiyo kwa nukta chache, kisha kuishi na hukumu aliyoitoa miaka yote iliyosalia: hiyo ndiyo dhamana tunayoisema.

Lakini amri, hata ikiwa sahihi, haina nguvu kama haikuandaliwa. Uko mfano wa nchi ya mbali ambao wakufunzi wa zimamoto huusoma hadi leo, nasi twaona wafaa kusomwa na kila kiongozi. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, kikosi cha watu 15 kiliruka kwa miavuli kutoka ndegeni kwenda kuzima moto wa msituni. Mwavuli wa redio haukufunguka, redio ikavunjika. Mlinzi mmoja wa msitu alijiunga nao, wakawa 16. Mkuu wao aliitwa Wagner Dodge, mtu mwenye ujuzi wa kazi yake. Ila wale vijana hawakuwa kikosi kilichokwisha kuzoeana naye.

Walipokuwa wakishuka kuelekea mtoni, moto ulivuka ukawakabili kutoka chini. Wakageuka kuupanda mlima, na moto ukiwafuata katika nyasi kavu kwa mwendo uliowashinda. Dodge aliwaamuru watupe zana zao. Kisha akafanya jambo lililoonekana la wazimu: akawasha kiberiti na kuzichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia katika majivu ya moto wake mwenyewe, akawaita wenzake wamfuate. Alikuwa amewaandalia mahali pasipo na kitu cha kuungua. Hakuna aliyemfuata. Hawakuwa wamepata kufundishwa jambo kama hilo, wala hawakuwa na muda wa kuuliza. Walimpita wakikimbia. Watu 13 wakafa. Wawili walipenya kwenye ufa wa miamba kileleni wakapona. Na Dodge, aliyelala kifudifudi katika majivu, akainuka akiwa hai.

Twaweza kubishana juu ya mengi katika msiba ule, lakini jambo moja li wazi. Amri ile ingeweza kuwaponya, ila ilitolewa kwa watu ambao hawakuwa na sababu ya kuielewa. Mwaka 1957 idara ya misitu ya Marekani, baada ya kuchunguza mikasa kadhaa ya moto, iliweka amri 10 za wazima moto, na mojawapo yamtaka kiongozi atoe maagizo yaliyo wazi na ahakikishe yameeleweka. Imani ya kikosi kwa mkuu wake haizaliwi mbele ya moto. Hujengwa kituoni, katika mazoezi, katika kula pamoja, katika kumjua huyu ni mwepesi wa ngazi na yule huogopa giza, na katika haki ya mgawanyo wa kazi. Asiyewajua askari wake kwa majina asitumaini kwamba watamfuata katika majivu.

Turudi nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, wananchi wakakusanyika na madumu kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walizidi 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, nao hungoja cheche moja tu. Mahali kama pale kazi ya kwanza ya mkuu wa kikosi si kumwaga maji. Ni kuwaondoa watu, kwa sauti ya mamlaka, hata wakimchukia. Na tuseme ukweli: hakuna ofisa awezaye kuwafundisha watu mamia kwa dakika chache jambo ambalo sisi tuliobaki hatukuwafundisha kwa miaka. Msiba wa Msamvu ni deni letu sote.

Tusisahau pia kwamba jeshi hili ni la uokoaji. Jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walifukiwa chini ya zege, na waliokufa walizidi 20. Katika kazi ya namna ile mkuu wa kikosi huamuru mashine zizimwe na watu wote wanyamaze, ili sauti ya aliye chini isikike. Umati wenye uchungu huona kimya kile kama uvivu, kumbe ndicho chombo cha kazi.

Na moto ukizimwa, wajibu haujaisha. Mipira ioshwe na kuanikwa, tangi lijazwe upya kabla ya mtu kulala, aliyeumia apelekwe hospitali, na aliyeona maiti ya mtoto asiachwe peke yake na mawazo yake. Kisha ofisa aandike taarifa ya kweli: walichelewa wapi, bomba gani halikutoa maji, na yeye mwenyewe alikosea wapi. Ofisa afichaye kosa lake ameliwekea akiba kosa la kesho.

Tukimdai hayo yote, naye ana haki ya kutudai sisi. Ni nani anayepanga vibanda katikati ya njia ya kupita gari? Ni nani anayejenga juu ya bomba la maji ya kuzimia moto? Ni nani anayemwachia mtoto simu achezee namba 114, kana kwamba upande wa pili hakuna mtu aliye zamu? Ni diwani yupi atakayesimama barazani kuuliza kama kata yake ina maji ya kuzimia moto, kabla hajauliza habari za posho?

Twawaambia wanachama wa chama chetu waziwazi: balozi wa shina azijue njia za shina lake, na njia iliyozibwa aisemee leo, si siku ya matanga. Nanyi wafanyakazi wa viwandani na maghalani, mjue mitungi ya kuzimia moto ilipo na ilikaguliwa lini, na mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli msiunyamazie hata kama ufunguo uko mfukoni mwa meneja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ulioungua hujengwa kwa gharama, ila aliyeungua ndani yake hajengwi tena.

Basi siku gari jekundu litakapopita mtaani kwetu, tumpishe njia yule aliyeketi kando ya dereva, tumjibu kwa ufupi anapouliza nani yumo ndani, na tumtii anaposema tusogee nyuma. Na kesho yake, moshi ukiisha kutawanyika, tumwulize bila woga: je, tangi lilikuwa limejaa? Atakayelijibu swali hilo akitutazama usoni, huyo anastahili heshima yetu.