Gari likikuzimikia Kona Baridi, utamwambia fundi nini?

JE, msomaji, umewahi kukwama barabarani jua likitua, watoto wamelala kiti cha nyuma, na simu yako imebakisha chaji kidogo tu? Tuseme mlikwenda Kajiado kuwaamkua wazee na sasa mwarejea nyumbani. Mnapofika sehemu za Kona Baridi gari linaanza kukohoa, linapungukiwa na nguvu, kisha linazima. Jina la mahali penyewe linatosha kukueleza upepo wa jioni wa huko ulivyo. Malori yanapita kwa kasi hadi gari lako linatikisika, na fundi unayemwamini yuko mbali. Unampigia simu, na mazungumzo, kama yalivyo mengi ya aina hiyo, yanakuwa hivi:

"Haloo, fundi! Gari imekufa."

"Pole sana, Mama Brian. Imekufa aje?"

"Imekufa tu. Haiendi."

"Kabla izime ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa sawa kabisa, halafu ikazima. Fanya haraka fundi, niko na watoto!"

Fundi ameambiwa nini hapo? Ameambiwa kwamba gari halitembei, basi. Itambidi akisie. Huenda akapanda bodaboda na kuja na betri, kumbe petroli haifiki kwenye injini. Huenda akaja na pampu ya petroli, kumbe ni waya mmoja tu uliochomoka. Atarudi mjini kutafuta kifaa kingine, nawe utalipa nauli ya safari mbili na kukaa kwenye baridi saa tatu zaidi. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na hapa Mama Brian hakukusudia kuficha lolote. Hakujua tu ni lipi la kusema.

Kabla ya simu yenyewe, kuna jambo moja la uhai. Lisukume au liache gari liserereke hadi nje ya lami, washa taa za tahadhari, na uweke vile vibao vya pembetatu vinavyong'aa mbele na nyuma ya gari, hatua 50 au zaidi, si hapo hapo mkiani. Watoto wasikae ndani ya gari lililo pembeni mwa barabara kuu. Wakae mbali na lami, wajifunike leso au blanketi. Hayo yakiisha, ndipo ushike simu.

Sasa sikiliza. Kanuni ambayo ningependa uishike kuliko zote ni hii: mweleze fundi uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyanusa, wala si unayoyadhani. Wengi wetu, hasa sisi tuliosomasoma kidogo, hupenda kumpigia fundi na kumwambia, "Pampu imekufa, niletee pampu." Fundi mwaminifu atakuuliza umejuaje. Asiye mwaminifu atakuuzia pampu, na gari likikataa kuwaka atakwambia kwamba ulichoagiza kimeletwa na kufungwa. Utamshtaki kwa nani? Mgonjwa akienda hospitali hamwambii daktari ampasue figo, humwambia panapouma na tangu lini.

Chukua mfano wa maneno "gari halistati". Maneno hayo yana maana mbili zilizo mbali kama Mombasa na Kisumu. Ya kwanza, unapogeuza ufunguo hakusikiki kitu, au pana mlio wa tik-tik-tik tu na taa za dashibodi zinafifia. Hapo mashaka yako kwenye betri, vichwa vya waya vilivyoshika kutu, au stata. Ya pili, injini inazunguka vizuri, wuu-wuu-wuu, lakini haishiki moto. Betri haina kosa hapo. Kinachokosekana ni petroli au cheche za plagi. Kumwambia fundi ni ipi kati ya hizo mbili kunapunguza kazi yake kwa nusu. Tena ikiwa gari lako ni la gia za kujiendesha, hakikisha kwanza mkono wa gia uko kwenye P au N, kwani magari hayo hayakubali kustatiwa yakiwa kwenye gia nyingine. Usicheke. Wapo waliomwita fundi kutoka mbali kwa ajili ya hilo.

Aidha, fundi atataka kujua mwanzo wa mambo. Je, gari lilizima ghafla kama taa, au lilikuwa likidhoofika kwa kilomita kadhaa? Lilikuwa likipanda mlima? Ulikuwa umetoka tu kutia mafuta, na wapi? Gari lililozima dakika chache baada ya kutiwa mafuta linamwambia fundi achunguze mafuta yenyewe, yasije yakawa na maji au dizeli badala ya petroli. Lililozima kwenye joto la mchana na kuwaka tena lilipopoa linaleta kisa kingine kabisa. Na usisahau kumweleza yaliyotengenezwa mwezi huo. Kuna aibu fulani hutuingia tukiwa tumeenda kwa fundi mwingine, hata tukanyamaza. Ikiwa juma lililopita mtu mwingine alibadilisha mkanda wa injini, mwambie. Mara nyingi ugonjwa mpya hukaa jirani na mahali palipoguswa mwisho.

Maji yakichemka

Tatizo la injini kuchemka linastahili kuelezwa kwa kituo, maana hapa ndipo watu huungua na injini huharibika zisitengenezeke tena. Kule pwani, maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 100. Nchi ya Kajiado iko juu, na mjini Kajiado ambako ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Lakini ndani ya radieta mambo ni tofauti. Kifuniko kimeyabana maji, na kwa kubanwa huko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua injini ikiwa moto, kile kilichoyazuia kimeondoka, na maji yanageuka kuwa mvuke papo hapo na kukurukia usoni na mikononi. Ndiyo sababu inakubidi usubiri nusu saa au zaidi hata kama fundi kwenye simu ana haraka. Wala usimwagie maji baridi injini iliyochemka, kwani chuma chenye joto kali kikipozwa ghafla hupasuka.

Ukisubiri, angalia yafuatayo ili umwambie. Mshale wa joto ulipanda kwenye msongamano wa magari pale Kitengela, ukashuka mlipoanza kukimbia? Basi feni haizunguki, kwani mwendo ndio uliokuwa ukileta upepo. Ulipanda mkiwa kwenye mwendo wa kasi? Huenda radieta imeziba au maji hayazunguki. Kuna maji chini ya gari? Yanatoka mbele au katikati? Je, joto limepanda lakini maji hayaonekani kuvuja popote, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe usiokoma? Hilo ni baya, yaelekea maji yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi iliyoungua, na gari lisiwashwe tena. Lakini usibabaike na moshi mweupe mwepesi wa asubuhi yenye baridi, ule unaotoweka injini ikipata joto. Huo ni mvuke tu.

Moshi wa rangi nyingine nao una maneno yake. Wa samawati waonyesha injini inachoma oili. Mweusi waonyesha petroli inazidi au hewa haitoshi, pengine kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi, na vumbi la Kajiado wakati wa kiangazi si haba.

Iga mlio wenyewe

Huko Marekani palikuwa na ndugu wawili, Tom na Ray Magliozzi, waliokuwa na gereji karibu na mji wa Boston ijapokuwa wote wawili walisomea chuo mashuhuri cha MIT. Walianza kipindi chao cha redio mwaka wa 1977, na kuanzia 1987 kilisikika nchi nzima kwa jina la Car Talk hadi walipostaafu mwaka wa 2012. Watu walipiga simu kueleza matatizo ya magari, na ndugu hao waliwataka wayaige kwa vinywa vyao. Watu wazima walisikika hewani wakiguruma, wakifoka na kulia kama paka. Wasikilizaji walivunjika mbavu, lakini kichekesho hicho kilikuwa na kazi. Mlio ndio ushahidi pekee ambao mtu aliye mbali anaweza kuupokea kama ulivyo.

Leo huna haja ya kulia kama paka. Rekodi sauti kwa simu na umpelekee fundi. Lakini rekodi pekee haitoshi, kwa sababu anataka kujua mlio unaandamana na nini. Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, unaongezeka? Basi uko kwenye injini. Unaongezeka gari likienda kasi tu? Tazama magurudumu. Unasikika tak-tak-tak unapokata kona kali? Fundi atafikiria viungo vya ekseli za mbele. Unapokanyaga breki kunasikika chuma kikisaga chuma? Hapo usiendelee na safari hata kama nyumbani ni kilomita tano. Pedi zimekwisha, na mteremko wowote waweza kuwa wa mwisho.

Taa za dashibodi nazo zitazame kwa rangi. Nyekundu ni amri ya kusimama, ya manjano ni onyo. Ile nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Dakika chache tu bila oili yatosha kuigandisha injini, nawe utaanza kutafuta nyingine. Piga picha ya dashibodi kabla ya kuzima ufunguo, kwani baada ya kuhangaika utasahau zipi zilikuwa zinawaka.

Siku hizi mafundi wengi wana kimashine cha kusoma kompyuta ya gari. Marekani ililazimisha magari yote mapya ya abiria yawe na tundu la aina moja kuanzia mwaka wa 1996, na nchi nyingine zikafuata. Kimashine hutoa nambari, na hapa pana mtego. P0171, kwa mfano, inasema hewa imezidi petroli. Haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, wa bei ndogo. Fundi anayesoma nambari na kuagiza kifaa cha bei ghali papo hapo bila kupima kitu amekuwa msomaji tu, hajawa fundi. Andika nambari yenyewe jinsi ilivyo, na umuulize amefikaje kwenye kifaa hicho.

Jina kamili la gari

"Ni Corolla" si jawabu. Magari mengi yanayoingia Kenya hutoka Japani yakiwa yametumika, yasizidi umri wa miaka 8, na jina moja laweza kubeba injini kadhaa. Corolla ya NZE121 ina injini ya 1NZ ya sisi 1500, ilhali ndugu yake ZZE122, anayefanana naye kwa sura, ana 1ZZ ya sisi 1800. Ukiagiza kifaa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako wengi bado hupaita Grogan kwa jina lake la kale, mwenye duka atakuuliza nambari hiyo. Imo kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Ipige picha leo, gari likiwa zima na jua likiwaka, uiweke kwenye simu yako na ya mwenzako wa nyumbani.

Na watu wanaosimama kukusaidia? Wapo wema, na historia yetu inao hata wa kusifika. Chama cha wenye magari, kinachojulikana leo kama AA Kenya, kilianza mwaka wa 1919, na mwaka wa 1958 mtu wake wa kwanza wa doria ya kuwaokoa waliokwama alikuwa Joginder Singh, mtoto wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya babake. Ndiye huyo huyo aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1965 pamoja na nduguye Jaswant, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Lakini wapo pia wanaotokea kichakani na spana mkononi kabla hujafungua boneti. Mtu usiyemjua asifungue chochote mpaka akueleze anatafuta nini, na simu ya fundi wako iwe hewani akisikiliza.

Ukimwelekeza fundi mahali ulipo, usiseme tu "Kona Baridi". Mwambie upande unaoelekea, kituo cha petroli au kanisa ulilolipita mwisho, na kama njia inaruhusu mtumie ramani ya simu. Mwulize pia gharama ya kuja peke yake, mbali na gharama ya kazi, kabla hajaondoka.

Kazi ikikamilika, dai kile kifaa kilichotolewa hata kama ni chuma kikuukuu kisichofaa kitu. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, kilichobadilishwa na jina la aliyekibadilisha. Na kama ulimsumbua shemeji au jirani usiku kwa kumuuliza gari lina nini, mpigie kesho yake umwambie ilikuwa nini hasa. Huenda alikisia betri kumbe ni fyuzi ya shilingi chache, na jirani mwingine atakapomuuliza swali hilo hilo, ataanza na fyuzi.