Kompyuta Huteua Dawa, Jaribio Huamua

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano yetu ya Kabuga swali moja limerudi mara nyingi: ugonjwa ukiwa hauna dawa, wataalamu huipata wapi ya kumpa mgonjwa upesi? Tujibu kwa kifupi.

Kutengeneza dawa mpya huchukua miaka mingi, na mgonjwa hawezi kusubiri. Kwa hiyo wataalamu hutazama kwanza ghalani: kati ya dawa zilizokwisha tengenezwa kwa magonjwa mengine, je, ipo inayoweza kuzuia virusi hivi? Dawa hizo ni maelfu. Hapo kompyuta huingia kazini. Hupewa umbo la virusi na umbo la kila dawa, ikapima ni ipi inayoingia kama ufunguo katika kufuli. Pia hupekua maandishi mengi ya utafiti kwa muda mfupi.

Februari 2020 wataalamu wa kampuni ya BenevolentAI ya London, kwa msaada wa kompyuta, waliteua barisitinibu, dawa ya baridi yabisi, ijaribiwe kwa korona. Ilijaribiwa, ikapunguza vifo, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wagonjwa waliozidiwa.

Lakini tusidanganyike. Haidroksiklorokwini, dawa ya jamii moja na klorokwini ya malaria, nayo ilizuia virusi vya korona ndani ya maabara. Watu wakainunua kwa uvumi. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza likaonyesha kuwa haiwasaidii wagonjwa waliolazwa. Kuteuliwa si kupona.

Sasa tuje kwetu. Remdesiviri hujifanya kipuri halali. Virusi vikikipachika wakati wa kujinakili, mtambo wao hukwama. Mwaka 2019, katika jaribio la Ebola huko Kongo mashariki, ilishindwa na dawa nyingine mbili. Haikutupwa. Ilitumika kwa korona, kisha kwa homa ya Marburg iliyotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, pamoja na dawa nyingine ya kingamwili. Waliougua walikuwa 66, wakafa 15. Katika milipuko mikubwa ya zamani, kama ile ya Angola ya 2004 na 2005, walikufa wengi zaidi ya waliopona. Hata hivyo wagonjwa wa Kigali waligunduliwa mapema na kuuguzwa vizuri, kwa hiyo hatuwezi kuipa dawa moja sifa yote.

Nani waliougua? Wengi walikuwa wafanyakazi wa hospitali, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwa popo wa mgodini. Ugonjwa ulipita njia ya kazi. Kompyuta haimvalishi muuguzi glavu, wala haimwondolei mchimbaji popo.

Kwa hiyo, ndugu, tushike mambo matatu:

1. Usimeze dawa kwa uvumi. Uliza kwanza: imejaribiwa kwa wagonjwa wa ugonjwa huu?

2. Ukiombwa kuingia katika jaribio, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, na ya kukataa.

3. Tudai vifaa vya kinga kazini kabla ya ugonjwa kuja, si baada ya mazishi.

Dawa ikikawia, kinga ndiyo iliyo mikononi mwetu. Tuidai kwa umoja.