Mathenge na Adui Aliyeachwa Nyumbani

Mvua ikishapita, tembea kando ya mto Kerio pale Lokori, uvunje donge la kinyesi cha punda. Ndani utakuta mbegu za mathenge, nyingine zimeshachipua, zimejilalia kwenye mbolea. Tumbo la mnyama hulainisha ganda la mbegu bila kuiua. Hivyo ndivyo mti huu wa Amerika, uliopandwa kwa wingi Baringo na Turkana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ulivyokuja kuwafungia mifugo njia ya maji.

Ulikuja bila maadui zake. Kwao kuna fukusi aitwaye Algarobius. Jike hutaga kwenye nyufa za maganda yanayobeba mbegu. Buu hujipenyeza ndani ya mbegu, akaila yote, na akishakomaa hutoka kwa kitundu cha mviringo. Mbegu hiyo haioti tena. Afrika Kusini ilianza kumwachilia mwaka 1987, ila mifugo ikamtangulia: ganda likidondoka tu, mbuzi keshaliokota. Na Turkana, mbuzi hawahesabiki.

Australia ilipata mdudu mkali zaidi mwaka 1998: Evippe, nondo wa Argentina. Viwavi wake hushona majani kwa nyuzi na kuyala, mti ukakosa nguvu ya kuzaa maganda. Nondo huyu hustawi kwenye joto kali, na joto Lokori hatuombi kwa mtu.

Kenya si mgeni wa kazi hii ya kuleta adui kutoka nje. Mwaka 1990 vidukari waliingia nchini wakakausha misaipresi. Dawa yao ikawa nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia, anayetaga yai ndani ya kidukari aliye hai. Malawi ilianza kumwachilia mwaka 1994, Kenya ikafuata.

Wazee huuliza: nondo akimaliza mathenge, si atahamia ewoi, mgunga wetu? Wana haki ya kuuliza. Mdudu wa namna hii hufungiwa kwanza maabara pamoja na migunga ya kwetu, bila chakula kingine. Viwavi wakikua juu ya ewoi, safari yake inaishia humo humo.

Lakini wewe mfugaji usingoje nondo. Okota maganda kabla ya mbuzi, yakaushe, yasage pamoja na mbegu zake, kisha uwape unga. Mbegu iliyosagwa haioti, na mbuzi atashiba vilevile.