Mzigo Uliopimwa: Utangulizi kwa Anayeanza Shahada ya Tiba ya Michezo

Mchezaji ameanguka karibu na kibendera cha kona, ameshika kifundo cha mguu, na uwanja mzima umeshatoa hukumu. Wenzake wanapunga mikono wakitaka machela. Mashabiki wa upande wa pili wanapiga kelele kwamba anapoteza muda. Kocha ana swali moja tu: anaendelea au nimtoe? Wewe uliyekimbia na mkoba una dakika moja, pengine pungufu, na hospitali yenye eksirei iko mbali.

Dakika hiyo ina utaratibu wake, na hapo ndipo masomo yako yanapoanza kukufaa. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni fupi ya kuamua ni kifundo kipi kinahitaji kupigwa picha. Unabonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje na wa ndani wa kifundo, sentimita 6 za mwisho kushuka hadi ncha. Kama maumivu yako katikati ya wayo, unabonyeza pia shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo, na mfupa wa navikula upande wa ndani. Kisha unamwomba mgonjwa atembee hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mifupa hiyo ikiwa haiumi inapobonyezwa na hatua 4 zikapigwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Ikiuma, au hatua zikishindikana, safari ya hospitali haina mjadala.

Mwanafunzi anayeishangaa kanuni hii atafika mbali. Haikuhitaji mashine mpya. Ilihitaji watu wenye subira ya kuwachunguza mamia ya wagonjwa, kuandika kila walichokiona, na kutupa kila dalili ambayo haikusaidia kuamua. Kwenye mechi za mchangani, ambako picha ya eksirei ina maana ya nauli na siku nzima ya kazi kupotea, kanuni ya aina hiyo ina thamani kuliko vifaa vingi vinavyong'aa.

Watu wa soka la kwetu wanamfahamu mchua misuli: yule anayekaa pembeni ya benchi la ufundi na taulo begani na chupa ya dawa ya kuchua. Anaheshimiwa, na kuchua kuna kazi yake. Hupunguza maumivu kwa muda na humtuliza mchezaji. Utafundishwa kuchua pia. Lakini usije chuoni ukidhani unakuja kujifunza mikono peke yake. Kiini cha taaluma hii ni mzigo. Msuli, kano na mfupa hujijenga kulingana na kazi vinayopewa: kazi ikizidi ghafla vinaumia, ikikosekana vinadhoofika. Matibabu mengi utakayotoa maishani yatakuwa ni kukadiria kazi kiasi gani, ya aina gani, kuanzia lini.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Umeå, kaskazini mwa Sweden. Daktari wa upasuaji wa mifupa, Håkan Alfredson, aliumwa kano ya Akilesi, ile nene ya nyuma ya kisigino, kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba alimwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa kwa sababu idara isingeweza kumkosa kazini. Kwa hasira akaanza kuitesa kano yake kwa mazoezi makali, akitaraji ikatike ili asiwe na budi kupasuliwa. Kano haikukatika. Ilipona.

Angeweza kuiacha ibaki hadithi ya kuchekesha. Yeye aliigeuza kuwa utafiti, uliochapishwa mwaka 1998. Wanamichezo 15 wa kujifurahisha, wote wenye maumivu sugu ya kano hiyo, walisimama ukingoni mwa ngazi, wakashusha kisigino cha mguu mbovu taratibu, kisha wakapanda kwa mguu mzima. Walifanya hivyo mara 15 kwa awamu 3, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Ukipiga hesabu ni mishusho 180 kwa siku. Waliambiwa waendelee hata kama inauma, na ikiacha kuuma waongeze uzito. Wote 15 walirudi kukimbia.

Sasa vaa miwani ya mtafiti. Watu 15 ni wachache. Kundi walilolinganishwa nalo lilikuwa la waliopasuliwa, na hakuna aliyepangwa kundi kwa kura. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walilinganisha zoezi hilo na kuinua uzito mkubwa polepole, mara 3 tu kwa wiki, na matokeo yakakaribiana. Kwa hiyo namba 180 haina uchawi wowote. Kilichosimama imara ni wazo lenyewe: kano iliyougua hutibiwa kwa kuipa kazi nzito kwa utaratibu. Kujua ni nini katika utafiti kimesimama na ni nini kilikuwa bahati ya siku ile ndiko kunakotofautisha mwenye shahada na mwenye cheti cha wikiendi.

Jiandae pia kuona uliyofundishwa yakibadilika. Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliandika kwamba jeraha jipya litibiwe kwa mapumziko, barafu, bendeji ya kubana na kuinua kiungo. Dunia nzima ikakariri. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu huenda vinachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya ukarabati wa mwili. Barafu bado inatuliza maumivu, nami sikatazi mtu kuitumia kwa dakika chache. Ninachokataa ni kumlaza mchezaji wiki 3 kwa msuli uliovutika kidogo.

Nchini Uingereza, ambako shahada ya tiba ya michezo imekua kuliko kwingi, masomo kwa kawaida huchukua miaka 3. Utapita kwenye anatomia, fiziolojia, biomekanika, uchunguzi wa majeraha, mazoezi tiba, lishe, saikolojia, kisha mafunzo kwa vitendo na tasnifu. Sitakuchosha na orodha. Nitasema tu kwamba somo la lishe, ambalo wengi hulichukulia kama mapumziko kati ya masomo magumu, lina uzito usioonekana. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo: mtu anakula pungufu ya kazi anayofanya, mwili unaanza kubana matumizi. Binti mkimbiaji anakuja na maumivu ya mfupa wa muundi. Ukiuchunguza mguu tu, utampa pumziko, na baada ya miezi kadhaa atarudi na mfupa mwingine umepata ufa. Ukimuuliza kwa staha kama hedhi yake inakuja, na jana alikula nini, huenda ukaukuta ugonjwa wenyewe. Swali hilo linahitaji faragha. Kijana wa kiume anayesoma taaluma hii ajifunze mapema namna ya kuliuliza bila kumdhalilisha mtu, na kujua ni lini amwite mwenzake wa kike.

Kuna jambo la kisheria ulijue kabla ya kulipa ada. Uingereza, jina la mtaalamu wa fiziotherapia linalindwa na sheria. Jina la mtaalamu wa tiba ya michezo halilindwi, ingawa kuna chama cha wanataaluma hao kilichoanzishwa mwaka 1990 kinachoidhinisha shahada za vyuo. Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia ya mwaka 2014. Kwetu Tanzania njia iliyozoeleka ni kusoma fiziotherapia, kama pale KCMC Moshi, kisha kujielekeza kwenye michezo. Anayetaka kusoma nje na kurudi kufanya kazi Afrika Mashariki aliulize baraza husika la nchi yake, kwa maandishi, kama shahada yake itamruhusu kugusa wagonjwa. Aulize kabla ya kuondoka.

Tarehe 17 Machi 2012, katika uwanja wa White Hart Lane jijini London, kiungo wa Bolton aliyezaliwa Kinshasa, Fabrice Muamba, alianguka bila kuguswa na mtu. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Yuko hai kwa sababu waliokimbia uwanjani walianza kumkandamiza kifua mara moja, na daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji akashuka kusaidia. Mchezaji akianguka peke yake asiitike, fikiria moyo kwanza. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na mtu atumwe kukimbilia mashine ya kushtua moyo. Ukifeli mtihani wa anatomia utarudia. Hili nataka mikono yako ilijue hata ukiwa na usingizi.

Halafu kuna shinikizo. Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, goti likaumia vibaya, likafungwa bendeji, na akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamsifu, na anastahili. Darasani huwa nawauliza wanafunzi: wewe ndiye uliyekuwa na bendeji mkononi, ungemruhusu? Mabishano hayaishi, na wanaojibu haraka, kwa upande wowote, huwa hawajalielewa swali bado.

Mara nyingi shinikizo huja kimya kimya kuliko hapo. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti anakimbia vizuri mwezi wa 6 tangu apasuliwe, anacheka, hana maumivu, na fainali ni Jumamosi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Norway ulionyesha kwamba kila mwezi aliosubiri mtu kabla ya kurudi mchezoni, hadi kufika mwezi wa 9, ulipunguza kwa karibu nusu kasi ya kuumia goti tena. Kocha hatausoma utafiti huo. Rais wa klabu atakupigia simu usiku. Pima nguvu za paja la mguu uliopasuliwa, linganisha na lile zima, pima kuruka na kutua, andika namba na tarehe, mwoneshe mchezaji mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha umpe kocha nakala yenye sahihi yako. Wakiamua kumchezesha, jina la aliyeamua nalo liandikwe kwenye faili.